Gesi Isiyopaswa Kuisha: Historia ya Kujaza Kiyoyozi cha Gari Nyumbani

Kiyoyozi cha gari hakili gesi. Gesi iliyomo huzunguka tu: kompresa huikandamiza, kondensa iliyo mbele ya rejeta huipoza hadi ikawa majimaji, kisha hupenyezwa kwenye tundu jembamba na kuchemka ndani ya evapureta nyuma ya dashibodi, ikafyonza joto la abiria na kurudi kwenye kompresa kuanza upya. Ikiwa imepungua, imevuja. Hata hivyo kwa zaidi ya nusu karne wenye magari wengi, kwanza Marekani na baadaye kwingineko, wameichukulia gesi hiyo kana kwamba huisha kama petroli, na tiba yake ikawa kununua nyingine na kuongeza. Marekani desturi hiyo ilipata chombo chake, yaani kopo dogo la gesi lisilofika nusu kilo, lililouzwa dukani pamoja na mpira mfupi wa kuungia, ili mtu ajaze mwenyewe uwanjani kwake siku ya mapumziko. Ni rahisi kumlaumu mtu huyo kwa uzembe. Ninavyoisoma historia hii, lawama hiyo imeelekezwa pasipo pake. Desturi ilizaliwa na mashine iliyoundwa ikiwa na njia za kuvuja, ikalelewa na gesi iliyouzwa kwa bei ya chee; na kila uvujaji ulipopungua, ilikuwa ni kwa sababu bei au umbo la chombo lilibadilika. Mahubiri na vyeti vilichangia kidogo sana.

Mwanzo wake uko kwenye friji. Katika miaka ya 1920 friji za majumbani zilitumia amonia, dioksidi ya salfa au kloridi ya methili, gesi ambazo zikivuja zingeweza kuua watu waliolala. Mwaka 1928 Thomas Midgley, mkemia aliyefanyia kazi General Motors, alianza na wenzake kutafuta gesi isiyo na sumu wala isiyoshika moto. Aprili 1930, mbele ya mkutano wa wanakemia wa Marekani mjini Atlanta, Midgley aliivuta gesi mpya kifuani na kuipulizia mshumaa uliokuwa ukiwaka. Mshumaa ukazimika, naye akabaki mzima. Gesi ya jamii hiyo iliyotawala magari baadaye iliitwa R-12, ikauzwa kwa jina la Freon. Sifa zilizotangazwa siku ile zilikuwa za kweli, na humo ndimo tatizo lilimojificha. Amonia humchoma pua anayeivuta na kumlazimisha kutafuta palipotoboka. R-12 ilitoka kimyakimya, bila harufu ya kumshtua mtu, bila kumdhuru aliyesimama karibu. Gesi isiyomwadhibu anayeiachia haikumpa mtu yeyote sababu ya kuizuia.

Kampuni ya Packard ndiyo iliyotangulia kuuza magari yenye kiyoyozi, mwishoni mwa 1939, kwa nyongeza ya dola 274. Kilikuwa kifaa kizito kilichokula nafasi kwenye buti, na kompresa yake haikuwa na klachi. Aliyetaka kukizima alilazimika kusimamisha gari, kufungua boneti na kuvua mkanda. Kikaachwa baada ya 1941. Viyoyozi vikarudi kwa nguvu mwaka 1953 kwa magari ya Chrysler na General Motors, na mwaka uliofuata Nash ikaweka mfumo wote mbele, chini ya boneti na dashibodi, mpangilio unaotumika mpaka leo. Kusini mwa Marekani, ambako kiangazi ni kikali, watu hawakusubiri viwanda vya magari. Dallas na Fort Worth, jimboni Texas, zikawa makao ya kampuni zilizotengeneza viyoyozi vya kufungwa chini ya dashibodi ya gari lililokwisha kununuliwa. Mojawapo, John E. Mitchell, iliyouza viyoyozi vya Mark IV, ilikuwa imeanza kwa kutengeneza mashine za kuchambulia pamba. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 zaidi ya nusu ya magari mapya ya Marekani yalitoka na kiyoyozi.

Hapa ndipo umbo la mashine linapoeleza tabia ya mtu. Friji ya nyumbani huweza kukaa miaka 20 bila kuongezewa gesi, kwa sababu kompresa yake na mota yake vimefungiwa pamoja ndani ya chuma kilichochomelewa pande zote. Kinachoingia humo ni nyaya tu. Kompresa ya gari huzungushwa na injini kwa mkanda, kwa hiyo lazima mhimili wake utokeze nje, na pale unapotokeza ni sili peke yake inayozuia gesi. Gari likikaa muda mrefu bila kuwashwa kiyoyozi, mafuta hushuka, sili hukauka, na gesi hupata upenyo. Kisha injini hutikisika huku kondensa ikiwa imefungwa kwenye bodi, kwa hiyo haiwezekani kuziunganisha kwa bomba gumu pekee; panahitajika mipira, na mipira ya zama za R-12 iliipitisha gesi polepole katika ngozi yake yenyewe, hata pasipo tundu lolote. Wahandisi waliyajua haya yote. Jibu lao lilikuwa kuweka gesi nyingi kupita kiasi kinachohitajika, kilo moja na nusu au zaidi katika gari kubwa la Kimarekani, ili mfumo uweze kupoteza kidogo kila mwaka na bado upoze. Ulikuwa uamuzi wa kiuchumi: gesi ilikuwa rahisi kuliko sili bora.

Kwa msingi huo, kopo la dukani lilikuwa jambo la kutarajiwa. Mtengenezaji alipoamua kwamba mfumo utapungua, aliamua pia kwamba mtu fulani atauongezea, na katika nchi ambayo wenye magari walizoea kubadili mafuta ya injini wenyewe, mtu huyo aliweza kuwa mwenye gari. Kwa ufundi wa wakati ule hakuwa anakosea sana. Magari mengi yalikuwa na kioo kidogo juu ya chupa ya kukaushia unyevu; ukitazama humo injini ikinguruma uliona mapovu yakipita, na mapovu mengi yalimaanisha gesi imepungua. Ulijaza mpaka yalipotoweka. Kwa kuwa mfumo ulibeba gesi nyingi, kosa la gramu 100 halikuharibu kitu. Hatari kubwa ilikuwa kwenye kuunga. Katika magari mengi ya zamani viungio vya upande wa msukumo mdogo na wa msukumo mkubwa vilifanana, na aliyekosea upande alirudisha msukumo mkali ndani ya kopo la bati lisiloweza kuustahimili, likapasuka mkononi.

Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland, wakifanya kazi katika Chuo Kikuu cha California, Irvine, walichapisha hoja kwamba gesi za jamii ya R-12 haziozi huku chini; hupanda hadi anga la juu, mionzi ya jua ikazivunja, na klorini inayotoka humo huila ozoni inayotukinga. R-12 hudumu angani kwa takriban miaka 100. Mwaka 1978 Marekani ilipiga marufuku gesi hizo katika makopo mengi ya kupulizia, ya manukato na ya dawa za nywele, lakini viyoyozi vya magari viliachwa, na hivyo vikawa moja ya matumizi makubwa yaliyobaki. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza, Joseph Farman na wenzake wawili, walitangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika ilikuwa ikipungua vibaya kila masika ya huko. Miaka miwili baadaye, Septemba 1987, mkataba wa Montreal wa kupunguza gesi hizo ukatiwa saini.

Wakati huo ndipo mjazaji wa nyumbani alipoanza kuonekana mkosaji. Pingamizi dhidi yake lilieleweka: hana kifaa cha kupimia, hatafuti palipovuja, anaongeza gesi katika mfumo ambao utaimwaga tena hewani kabla ya kiangazi kijacho. Yote hayo ni kweli. Lakini ni haki kuuliza gereji za wakati huo zilifanya nini, na jibu halizipi sifa. Kabla ya miaka ya 1990 fundi aliyetaka kubadilisha kompresa au evapureta alifungua kiungio na kuiacha gesi yote itoke, kwa kuwa kuikusanya kulihitaji mashine ambayo thamani ya gesi yenyewe haikuweza kuilipia. Mwenye gari aliyeongeza kopo moja alikuwa anafidia kilichovuja; fundi aliweza kumwaga mfumo mzima kwa dakika chache na kujaza mwingine mpya. Elimu haikuwatofautisha hata kidogo, kwani wote wawili walitii bei ileile.

Bei ndiyo iliyobadilika kwanza. Tangu Januari 1990 Bunge la Marekani liliitoza R-12 kodi ya dola 1.37 kwa ratili, na kodi hiyo ikapanda hatua kwa hatua hadi dola 5.35 mwaka 1995. Sheria ya hewa safi ya 1990 ikaongeza masharti mawili. La kwanza, gereji zilipaswa kuwa na mashine ya kunyonya gesi kutoka kwenye gari na kuisafisha. La pili, kuanzia 15 Novemba 1992, vyombo vidogo vya R-12 havikuruhusiwa kuuzwa kwa mtu asiye na cheti cha ufundi. Sharti la pili ndilo lililozungumzwa zaidi, nami naona ndilo lililokuwa jepesi zaidi. Cheti kilipatikana kwa mtihani ulioweza kufanywa kwa posta, vitabu vikiwa wazi mbele ya mtahiniwa. Mashine ya kunyonyea ilikuwa jambo jingine kabisa: mara gesi ilipokuwa ghali, kila gramu iliyonyonywa ikawa pesa, na fundi yuleyule aliyekuwa akiimwaga jana akaanza kuilinda.

Anayetetea vyeti atasema kwamba R-12 ilitoweka baada ya sheria hiyo, kwa hiyo sheria ilifanya kazi. Ilitoweka, lakini kwa sababu uzalishaji wake katika nchi tajiri ulikoma mwisho wa 1995 chini ya mkataba wa Montreal. Kilichotokea baada ya marufuku ya makopo kinaonyesha jinsi kumzuia mtu kulivyokuwa dhaifu. Gesi ya magendo iliingia kwa mitungi, ikipitia mpaka wa Mexico na bandari ya Miami, kiasi kwamba serikali iliunda operesheni maalumu ya kuifuatilia. Wengine walinunua mchanganyiko wa gesi zinazowaka, za jamii ya ile ya kupikia, zilizouzwa kama mbadala wa bei nafuu. Shirika la mazingira la Marekani lilikataa zitumike kwenye magari hayo, kwa kuwa mfumo wake haukuundwa kubeba kitu kinacholipuka karibu na injini yenye moto. Mwingine atageuza ushahidi huo huo na kudai kwamba magendo yanathibitisha ubaya wa kupandisha bei. Lakini magendo ya R-12 yalififia yenyewe, bila kurudisha gesi rahisi, pale magari yaliyohitaji R-12 yalipozeeka na mapya yakaja na gesi nyingine.

Gesi hiyo nyingine ni R-134a, iliyoanza kuingia kwenye magari mapya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Haina klorini, kwa hiyo haigusi ozoni. Kwa historia yetu, jambo la maana zaidi ni kwamba molekuli zake ni ndogo na zingepenya mipira ya zamani upesi mno. Viwanda vikalazimika kuleta mipira yenye ngozi ya nailoni ndani, sili bora na viungio vipya. Viungio vya pande mbili vikapewa vipimo tofauti, vya kubofya, hata kopo la dukani haliwezi kushika upande wa msukumo mkubwa. Ajali ambayo maandishi ya onyo kwenye makopo hayakuweza kuizuia kwa miaka mingi, tofauti ya milimita chache iliipunguza. Huu ndio mfano ninaoupenda kuliko yote katika historia hii, kwa sababu haukumtaka mtu yeyote awe mwema au msomi.

Lakini pamoja na maendeleo hayo kopo lilirudi. R-134a haikuhesabiwa kuwa adui wa ozoni, kwa hiyo Marekani iliruhusu iuzwe kwa yeyote, na rafu za maduka ya spea zikajaa tena. Kasoro iliyofuata ilijulikana kwa kupiga hesabu ya joto la dunia. Kilo moja ya R-134a huzuia joto kama kilo 1,430 za kaboni dioksidi katika miaka 100. Kopo la kawaida lina gramu 340. Likivuja lote, ni sawa na kuchoma takriban lita 200 za petroli. Kopo la R-12 lilikuwa baya zaidi, kwani gramu 400 zake zilizidi tani 4 za kaboni dioksidi, lakini wakati zilipomwagwa hakuna aliyezihesabu hivyo.

California ilichagua kulitazama kopo lenyewe. Tangu mwaka 2010 kila kopo dogo linalouzwa huko lazima liwe na valvu inayojifunga mara mpira unapoondolewa, ili gesi iliyosalia isitoroke, na mnunuzi huweka amana ya dola 10 anayorudishiwa akilirejesha tupu au nusu. Kanuni ya valvu ikaenea nchi nzima mwaka 2018. Ulaya ilichukua njia kali zaidi: ilipiga marufuku vyombo vya gesi hizo vya kutupwa baada ya matumizi mwaka 2007, na kwa agizo la 2006 ikataka magari yote mapya, kufikia 2017, yatumie gesi ambayo nguvu yake ya kuzuia joto haizidi mara 150 ya ile ya kaboni dioksidi. Ndiyo maana gari jipya la Ulaya leo kwa kawaida hubeba R-1234yf, ghali mno kiasi kwamba hakuna anayefikiria kuiongeza kila mwaka kwa mazoea. Mtazamo wa California unaniridhisha zaidi kwa jambo moja: ulimwachia mwenye gari haki ya kutengeneza mali yake na ukaondoa sehemu ya madhara kwenye chombo.

Afrika Mashariki imo ndani ya historia hii kwa njia mbili. Sekretarieti ya mikataba ya ozoni ina makao yake Nairobi, na usiku wa kuamkia 15 Oktoba 2016 ni mjini Kigali ambako nchi za dunia zilikubaliana kupunguza gesi za jamii ya R-134a. Kwa nchi nyingi za Afrika, kiwango cha matumizi kilisimamishwa kuanzia 2024, kikipaswa kushuka kwa asilimia 10 mwaka 2029 na asilimia 80 ifikapo 2045. Njia ya pili ni magari yenyewe. Yaliyotumika Japani na kuletwa Mombasa na Dar es Salaam huja na umri wa sili zake. Huku kwetu kopo la nyumbani halikushika mizizi sana; mahali pake pana fundi wa AC mwenye geji mbili na mtungi wa kilo 13.6, naye mara nyingi hufanya kwa ujira kazi ileile aliyoifanya Mmarekani uwanjani kwake: huongeza mpaka hewa ya dashibodi iwe baridi, mteja akalipa na kuondoka. Ikivuja, atarudi. Kumwita mmoja fundi na mwingine mbabaishaji hakubadilishi kinachoingia angani.

Atakayesema kwamba kutafuta palipovuja ni anasa ya wenye fedha ana hoja nzito, na sitaki kuipuuza. Dereva wa teksi anayehitaji abiria leo hawezi kumsubiri fundi afumue evapureta. Lakini ziko hatua zisizohitaji kufumua. Sabuni yenye povu hupakwa kwenye viungio. Rangi maalumu huchanganywa na mafuta ya kompresa ikang'aa chini ya taa ya urujuanimno pale inapotokeza. Pampu huvuta hewa na unyevu wote kabla ya kujaza, na geji ikionyesha mfumo haukai ukiwa mtupu, kuna tundu. Kisha gesi hupimwa kwa mizani. Hili la mizani lina uzito mkubwa kuliko zamani, kwa sababu gari dogo la leo hubeba takriban gramu 500 au chini, na gramu 100 za ziada ni moja ya tano ya mfumo mzima. Geji ya upande mmoja inayokuja na kopo haiwezi kusema kiasi kilichomo; pale gesi na majimaji vinapokaa pamoja, msukumo hufuata joto la siku hiyo. Mashine iliyomsamehe mjazaji wa mwaka 1970 haiko tena, wala ya leo haimsamehe fundi anayejaza kwa kukisia.

Mabadiliko makubwa zaidi yamekuja na magari ya haibridi na ya umeme. Toyota Prius ya kizazi cha pili, ya mwaka 2003, iliweka kompresa inayoendeshwa kwa umeme, mota ikiwa imefungiwa ndani pamoja na gesi, na Toyota Aqua zilizojaa barabara za Nairobi zina kompresa ya namna hiyo. Kwa maneno mengine, gari limepata kile friji ilichokuwa nacho tangu zamani: hakuna mhimili unaotokeza, wala sili yake ya kukauka. Kilichobaki cha kuvuja ni viungio, mipira na kondensa iliyopigwa na jiwe. Lakini humo ndani mafuta yanagusa nyaya zenye volti mia kadhaa, kwa hiyo hutumika mafuta ya aina ya POE yasiyopitisha umeme, ilhali makopo mengi ya dukani yana mafuta ya PAG yaliyokusudiwa kompresa za mkanda. Kiasi kidogo tu cha PAG kikiingia, kinga ya umeme hushuka, kompyuta ya gari hugundua na kukifunga kiyoyozi, na kuusafisha mfumo huo huweza kudai kubadilisha kompresa yenyewe. Aina ya gesi na uzito wake kwa gramu vimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya boneti, na aina ya mafuta huonyeshwa hapo au kwenye kompresa yenyewe.